Miti Iliyoshtakiwa kwa Kutorosha Maji

Kwanza niwatoe wasiwasi: nchi ninayoisimulia hapa siyo yenu. Yenu ina misitu, ina mawaziri wenye haya na mvua inayojua majira yake, sivyo? Basi someni mkiwa mmekunja nne. Mimi naitwa Kisaka. Nimekuwa tarishi wa mahakama, mpeleka samansi, kwa miaka ishirini na miwili, na sina chuki na mtu yeyote. Nina kichefuchefu tu. Mganga wa zahanati amenipima mara mbili asione kitu. Aliniuliza nilikula nini. Nikamwambia mimi sikula, nilikuwa nimesimama karibu na waliokuwa wakila.

Mambo yote yalianza na wageni. Walikuja mji mkuu kutoka nchi ya mbali sana, ambayo sisi huiita Nchi ya Ngano kwa sababu unga wa mikate yetu hutoka kwao. Walikuwa na malalamiko. Mvua zao zilikuwa zimepungua miaka saba mfululizo, na wataalamu wao walifuata nyayo za mawingu nyumanyuma, nchi kwa nchi, mpaka wakafika kwetu, kwenye Msitu wa Ukungu, ambao nusu yake wakati huo ilikwisha kuwa milango. Kiongozi wa msafara, Bwana Halvik, alilia mbele ya Baraza la Mawaziri. Machozi ya kweli, niliyaona, mahakama ilikuwa imeniazimisha siku hiyo kusimama mlangoni. Akajipangusa kwa leso, akaomba chai.

Waziri wa Maji na Mbao, Mheshimiwa Ndaro Kilindo, hakuyaamini hayo. (Zamani zilikuwa wizara mbili. Ziliunganishwa ili zisigombane.) Akaamuru aletwe Daktari Zebedayo, mtaalamu pekee wa hali ya hewa tuliyekuwa naye, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya choo cha wizara. Mimi ndiye niliyempelekea wito. Alifurahi mno. Alikuwa ameandika barua kumi na nne kuhusu msitu ule, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuitwa.

"Mheshimiwa," alisema, akizifungua karatasi zake, "mti mkubwa wa msituni hunywa maji kwa mizizi na kuyapumua kwa majani. Mti mmoja unaweza kupumua pipa zima kwa siku. Mvuke ule hupanda, ukawa wingu. Wingu likanyesha, miti ya mbele ikayanywa maji yale, ikayapumua tena. Ni mto, Mheshimiwa, ila unapita angani. Unatoka baharini, unapokewa mti kwa mti, mpaka unawafikia hawa wageni wetu. Ukikata miti umekata mto. Mvua itaondoka hapa kwanza, halafu kwao, na jua litatuchoma sote."

Waziri alikuwa akichokonoa meno. Akaacha.

"Rudia hapo. Maji yetu yanapanda juu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Yanavuka mpaka?"

"Yanavuka, lakini..."

"Kwa kibali cha nani?"

Daktari alianza kupekua karatasi zake, akikitafuta kibali.

"Ndugu mawaziri," Waziri akasimama, mkono kifuani, "tumeibiwa! Tangu enzi za babu zetu, miti tuliyoilea, tuliyoipa udongo wetu bure, imekuwa ikiyatorosha maji ya Taifa hili kwenda kwa watu. Haba na haba hujaza kibaba, na miti hii kwa haba na haba yake imejaza maziwa na mito ya wenzetu, nasi tumekaa hapa tunaisifia kivuli!"

Baraza likapiga meza. Bwana Halvik, ambaye mkalimani wake alikuwa ametoka kwenda kujisaidia, alidhani tumekubali kuuokoa msitu, naye akapiga makofi. Kabla hajaondoka aliagiza kitu kidogo tu: meza ya ubao mmoja usiounganishwa, mita kumi na mbili, kwa ajili ya mkutano wa dunia wa kujadili mvua.

* * *

Sheria ya Kuzuia Utoroshaji wa Maji kwa Njia ya Majani ilipita bungeni alasiri moja. Mbunge mmoja aliuliza kama amesikia vizuri. Akaambiwa amesikia vizuri, akaunga mkono hoja.

Lakini sisi ni nchi ya sheria, lazima mlielewe hilo. Kwetu hakatwi mtu wala mti bila kusikilizwa. Ikaamriwa kila mti uliobaki katika Msitu wa Ukungu uhesabiwe, upewe namba na uletewe samansi ya kufika mahakamani kujibu shitaka. Zilichapishwa samansi elfu sita na mia mbili. Karatasi, tuliambiwa, ilipatikana kwa kukata sehemu ndogo ya washtakiwa.

Nikatumwa mimi. Kanuni ya kazi yetu ni hii: unamkabidhi mshtakiwa samansi mkononi, unamsomea kwa sauti, anatia saini. Akikataa, unaandika "amekataa kusaini" na kuibandika mahali anapoishi. Kwa hiyo nilisimama mbele ya kila mti nikaisoma samansi kutoka juu hadi chini. Nikangoja dakika moja. Nikaandika "amekataa kusaini." Kisha nikaipigilia shinani kwa msumari wa inchi nne. Kwa siku nilimaliza miti sabini. Utomvu ulinirukia mikononi ukakauka, na jioni nilipokula ugali niliusikia ulimini. Sikuona ubaya wowote. Niliona kazi.

Mti Namba Moja ulikuwa mkuyu, juu ya kijiji cha Kwemtindi, na chini ya mizizi yake ilitoka chemchemi. Kwemtindi ni kwetu. Hapo anaishi dada yangu Mwanvita, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, na ambaye mama alipofariki alinilea kwa iliki. Iliki ni mmea wa kudeka. Hautaki jua, hautaki upepo, unataka kivuli cha miti mikubwa na ukungu wa asubuhi, na ukipata hivyo unakulipia ada ya shule mpaka ukawa tarishi. Miti ile ikianguka, iliki zinakufa, chemchemi inafuata, na dada yangu na kaya themanini za Kwemtindi hawana pa kwenda. Hilo lilijulikana na kila mtu, mimi nikiwemo.

Alinikuta nimeshika nyundo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Namletea samansi."

Aliutazama mkuyu, akanitazama mimi. "Kisaka, wewe ulianguka kutoka kwenye mti huu ukavunja mkono, nikakubeba mgongoni mpaka hospitali. Leo umekuja kuushtaki?"

"Siushtaki mimi, dada. Mimi natumwa tu."

"Hata shoka linatumwa," alisema. Akaniuliza kesi ni lini, saa ngapi, na kama kuna nauli ya mashahidi. Nikamwambia nauli haipo. Akarudi nyumbani kutafuta viatu.

* * *

"Kotiii!" nilipaza sauti, watu wakasimama, Jaji Tindwa akaingia na kukaa kwenye kiti chake kikubwa cha mvule.

Desturi ya mahakama yetu ni kwamba mshtakiwa huitwa mara tatu, kutoka barazani, uso ukiwa umeelekea nje, ili asije akasema hakusikia. Nikatoka.

"Mti Namba Moja! Mti Namba Moja! Mti Namba Moja!"

Mbuzi mmoja aligeuka. Nikarudi ndani. "Hayupo, Mheshimiwa Jaji."

Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimewaita sitini na sauti imenikauka. Jaji akaniruhusu niwaite kwa mafungu. "Mti Namba Sitini na Moja na wenzake!" Hakuna aliyefika. Wakili wa Serikali akasikitika sana. Alisema dharau ya namna hiyo hajaiona tangu aanze kazi.

Ndipo dada Mwanvita akasimama. "Mheshimiwa, mimi nimekuja kuwasemea."

"Una uhusiano gani na washtakiwa?" Jaji akauliza.

"Tunaishi pamoja, Mheshimiwa. Maji ninayokunywa ni yao."

Wakili wa Serikali aliandika mbiombio. Baadaye niliiona karatasi yake: "Amekiri kupokea mali ya wizi."

"Wamekupa idhini ya maandishi?"

Dada akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi. Alikuwa amepaka wino jani la mkuyu na kuligandamiza, na mishipa yake yote ilionekana vizuri, mmoja mmoja. "Hii ni alama ya Namba Moja."

Jaji aliishika karibu na miwani, akaisogeza mbali. "Sheria inataka dole gumba. Hili ni dole gumba?"

"Ni jani, Mheshimiwa."

"Mshtakiwa ana majani mangapi?"

"Nani atayahesabu, Mheshimiwa?"

"Basi mahakama itajuaje kwamba hili ndilo la gumba?" Karatasi ikarudishwa.

Akaitwa Daktari Zebedayo, shahidi wa upande wa mashitaka. Alikuwa amekonda. Wakili wa Serikali alimtaka ajibu ndiyo au siyo. Je, miti hutoa maji ardhini? Ndiyo, lakini. Je, huyapeleka hewani? Ndiyo, lakini. Je, maji hayo huweza kufika nchi za nje? Daktari akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili akasema kwa sauti, "Ndiyo, lakini ndivyo na sisi tunavyoyapata! Tunayapokea kwa njia ileile!"

"'Lakini' siyo jibu," Jaji akasema. "Karani, futa kila kilichokuja baada ya 'lakini'."

Kisha Wakili wa Serikali akaomba ruhusa ya kuonyesha kidhibiti. Akakinyooshea kidole kiti cha Jaji. "Mheshimiwa, huyo uliyemkalia alikuwa mtoroshaji kama wenzake. Miaka thelathini tangu akatwe, akarandwa, akapigwa vanishi, je, umewahi kuloa?"

Jaji alijisikilizia kidogo. "Hapana."

"Amerekebika, Mheshimiwa."

Ukumbi ukanong'ona kwa kuridhika. Lakini Jaji Tindwa alikuwa mtu wa haki, hilo alilisema mwenyewe. Alitoa nafasi ya mwisho: siku kumi na nne. Afike japo mshtakiwa mmoja, mwenyewe, kwa mwili wake, atasikilizwa, na kesi ya wote itaanza upya. Watu wakatoka nje wakimsifu.

* * *

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipo mimi.

Nilimfuata dada chini ya ngazi za mahakama. Nilikuwa na fikra, na niliionea fahari. Miaka ishirini na miwili ya kukaa na mawakili si mchezo. "Dada," nikamwambia, "kanuni haisemi mshtakiwa awe na ukubwa gani. Pale kwenye mizizi ya mkuyu kuna machipukizi. Chipukizi la mzizi si mtoto, ni mwili uleule. Lichimbe na udongo wake, litie kwenye kopo, ulilete. Namba Moja atakuwa amefika."

Dada alinishika uso kwa viganja vyake viwili. Hajawahi kufanya hivyo tangu nilipooa. "Kumbe hujapotea, mdogo wangu."

"Safari ni siku mbili kwenye lori, na jua hili," nikaongeza. "Lifunike kwa mfuko wa nailoni, lisinyauke." Nikampa wa kwangu, niliokuwa nabebea samansi.

Siku ya kumi na nne nikasimama barazani. "Mti Namba Moja! Mti Namba Moja! Mti Namba..."

"Yupo!" alijibu dada yangu kutoka getini, kopo amelikumbatia.

Sijui niwaelezeje furaha yangu. Nilikaribia kupiga vigelegele, mimi mwanamume mzima na sare ya serikali. Kopo likawekwa kizimbani juu ya stuli, majani manne mabichi ndani ya mfuko. Jaji akatafuta kwenye vitabu vyake, akatafuta tena, asipate pa kumtoa. Ikabidi amsomee shitaka. "Mshtakiwa, unakiri au unakana?"

Kimya.

"Mshtakiwa amenyamaza," Jaji akasema kwa uchungu. "Kisheria, anayenyamaza iandikwe amekana."

Ikaandikwa. Watu wa Kwemtindi waliokuja naye, kumi na mmoja, wakashikana mikono. Tulikuwa tumeshinda. Kesi ingeanza upya, mashahidi wangeitwa upya, na kwa mwendo wa mahakama zetu, mkuyu ule ungekufa kwa uzee kabla ya hukumu.

Wakili wa Serikali akasimama polepole. "Mheshimiwa, naomba mahakama iutazame mfuko."

Tukautazama. Ndani ya nailoni, kila upande, palikuwa na matone. Mengine madogo, mengine yamekua yakawa mazito, yanateleza kwenda chini mbele ya macho yetu.

"Mbele ya Jaji!" Wakili alipiga kelele. "Chini ya nembo ya Taifa! Mshtakiwa yuko kizimbani na bado anatenda kosa!"

Jaji Tindwa alishuka kitini, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaufungua mdomo wa mfuko, akaingiza kidole, akakilamba.

"Ni maji," akasema.

Namba Moja mpaka Namba Elfu Sita na Mia Mbili walitiwa hatiani asubuhi ile ile. Dada yangu aliruhusiwa kuondoka, ila kopo lilibaki kuwa kidhibiti. Alinipita mlangoni bila hasira yoyote usoni, na afadhali angekuwa nayo. "Mfuko ulikuwa wako, Kisaka," alisema. Nilikwenda nyuma ya masijala nikatapika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

* * *

Mashine za kukatia miti zilikuwa za shemeji yake Waziri. Zilikuwa zimeegeshwa pale msituni mwezi mzima kabla ya hukumu. Waandishi walipomuuliza, shemeji alisema yeye ana imani kubwa na mahakama.

Palifanyika sherehe. Ilikatwa miti mchana, wakachomwa mbuzi mchana huohuo, na kuni hazikuwa tatizo. Viongozi walikula wamesimama juu ya visiki ili kila mmoja aonekane. Mafuta ya mbuzi yaliwatiririka mpaka kwenye viwiko, vumbi la mbao likanata juu ya mafuta, nao wakapeana mikono, wakashikana mabega, wakapapasana vichwa kwa pongezi, mpaka wote wakawa na rangi moja ya ngozi ya kuku aliyepakwa unga. Nzi walikuja. Sijapata kuona nzi wengi namna ile mahali ambapo hapakuwa na maiti.

"Kuanzia leo," Waziri alihutubia, akilamba kidole gumba, "tone la Taifa hili halitoki! Limefungwa! Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sasa miti hakuna, wajenzi ni sisi!"

Mkuyu ulianguka juu ya chemchemi. Kijiji kizima kilisikia. Ubao wa mita kumi na mbili, usiounganishwa, ulipatikana kwenye mvule Namba Mia Tatu na Sita, ukafungwa kwa blanketi nne na kupelekwa kwa Bwana Halvik. Daktari Zebedayo alikamatwa wiki ile. Ilibainika kwamba kwa miaka kumi na tisa alijua maji yanatoroshwa na hakutoa taarifa polisi. Wakati anaingizwa garini aliniita kwa jina akaniomba nimwagilie mmea uliokuwa dirishani kwake. Nilipofika, mmea ulikuwa umeshafungiwa kuwa kidhibiti.

Mimi nilipandishwa cheo. Mfuko wa nailoni ulitajwa kwenye hukumu kwa jina langu, mtumishi aliyesaidia upatikanaji wa ushahidi. Nikahamishiwa wizarani, kwenye meza ya simu, nje ya mlango wa Waziri. Ningeweza kukataa. Nina watoto watano. Sikukataa.

* * *

Asubuhi za mwezi uliofuata ukungu haukuja Kwemtindi. Watu walitoka nje wakasimama wakiungoja, maana hawakuwahi kuishi bila huo. Jua likapanda mapema na kukaa muda mrefu. Iliki zilianza kugeuka ncha, zikawa njano, zikawa kahawia, na kwa siku kumi na mbili shamba la dada yangu lilikuwa linakatika mkononi kama biskuti. Chemchemi ilikuwa tope, kisha ikawa udongo wenye nyufa.

Mvua za vuli hazikufika. Za masika zilifika alasiri moja, zote kwa pamoja, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuzishika mlimani ziliteremka na mlima wenyewe. Nyumba ishirini zilizikwa. Waziri alikwenda redioni kuwapongeza wananchi: maji yamerejea nyumbani kwa wingi mpaka yanaingia majumbani. Baada ya hapo haikunyesha tena.

Serikali haikulala. Kama maji bado hayaonekani, ilisema, maana yake bado yanatoroshwa. Ikakatazwa kuanika nguo mbichi juani. Ikakatazwa kuchemsha chai bila mfuniko, na wakaajiriwa wakaguzi wa mvuke, waliopita mitaani wakifunua sufuria kuhakikisha kama zimefunikwa. Dada Mwanvita aliwekwa rumande siku tatu kwa kuanika kanga moja, aliyoifulia kwenye dimbwi.

Huko Nchi ya Ngano nako mito ilishuka mpaka madaraja yakawa yanavuka mchanga. Ngano ilitoa masuke matupu. Mkutano wa dunia ulifanyika, tuliusikiliza redioni. Wajumbe wa nchi tisini walikaa kuizunguka meza ile, wakaazimia kuwa na wasiwasi, na kwamba wasiwasi huo utazamwe upya baada ya miaka mitano. Bwana Halvik alilia. Mtangazaji alisema chozi lilidondoka mezani na wahudumu wakalifuta upesi, kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mbao za aina ile hazipatikani tena duniani.

Simu zilianza kunijia nyingi. Wakulima, wakuu wa shule, hospitali, wote na swali moja. Waziri akatoa waraka kwa watumishi wote wa umma. Ulikuwa na mstari mmoja: anayeuliza kuhusu mvua ajibiwe kuwa ipo njiani. Nilijibu hivyo mara mia kwa siku. Ulimi ulizoea, tumbo likakataa, nikawa naweka ndoo chini ya meza.

* * *

Kwemtindi walihama mwezi wa Septemba. Sikwenda kuwaaga. Nilisikia kwamba walifunga vitu wakafuata njia waliyosikia mawingu yalikuwa yakipita zamani, wakiamini kwamba mwisho wake kuna maji. Kaya zote zilizobaki kati ya zile themanini, na za vijiji vingine nyuma yao.

Dada alinipigia simu mwezi wa Desemba, mchana. Waziri alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, anakula korosho, ananingoja nimuunganishe na shemeji yake. Nikaipokea. Nilisikia upepo, na watu wengi sana, na watoto wanakohoa.

"Kisaka."

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Tumefika mpakani," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka, ilibidi nibonyeze simu sikioni. "Kuna watu wanatoka upande wa pili. Wengi kuliko sisi. Wana mikokoteni, wana wazee migongoni. Ni wale wa ngano. Wametembea miezi miwili wanakuja huku kwetu."

"Wanataka nini?"

"Wanatuuliza kama kwetu kuna mvua. Tumewauliza wao, na wao wanatuuliza sisi. Sasa tumekaa chini, hakuna anayejua aende wapi." Akavuta pumzi. "Mtoto wa jirani yangu Chiku alifariki jana kwa kiu. Wenzangu wanasema nikuulize, kwa kuwa wewe uko serikalini na hunidanganyi. Turudi? Kuna mvua huko, Kisaka? Niwaambie nini?"

Waziri alinikazia macho. Alinyanyua nyusi zake, akatafuna.

Nilimjua Namba Moja, nilizijua iliki, nilimjua mwanamke yule aliyenibeba mgongoni. Neno moja tu, "hapana", lingetosha, nao wangegeuka wakatafuta upande mwingine.

"Ipo njiani, dada," nikasema.

Kisha nikamsikia akigeuka na kuwaambia watu, kwa sauti ya furaha, kwamba mdogo wake amesema turudi nyumbani, na wale wageni pia wanakaribishwa.